Mlango wa Choo cha Wodi ya Wanawake

Mama yangu aliteleza akitoka kuchuma majani ya kunde nyuma ya nyumba yake, Maneromango, akavunjika mguu wa kulia chini ya goti. Mfupa ulitoboa ngozi ukatokeza nje. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi naye, alimfunga kwa vipande vya mti na khanga, akakodi gari la jirani anayebeba mkaa, wakaanza safari ya kuja Kibaha kwa njia ya Mzenga. Ilikuwa masika, na anayeijua barabara ile wakati wa masika hahitaji kuelezwa. Mimi naishi Kibaha na nimeajiriwa katika ofisi ya serikali hapa hapa mjini. Muda wote walipokuwa njiani kazi yangu ilikuwa kupiga simu isiyopatikana. Mwishowe mdogo wangu akapokea, wakiwa wameshafika Mlandizi, nikamwambia, "Mlete moja kwa moja kwenye jengo jipya. Usimpeleke kwingine kokote."

Nililisema hilo kwa fahari. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana wengi wa watu niliowakuta mle ndani wanafanya kazi kwa bidii kuliko mimi, na nina hakika majengo ya namna ile yako mengi. Lakini lile tulilihesabu kuwa letu. Tulilitazama likipanda nyuma ya uzio wa mabati kila tulipopita, tukabishana ofisini juu ya rangi ya kuta zake, tukaambiana kwamba sasa basi, hatutakwenda tena kulala chini kwenye wodi za Dar es Salaam. Wagonjwa walianza kuhamishiwa mle hata kabla ya uzinduzi kwa sababu majengo ya zamani yalikuwa yamefurika. Niliposikia wameanza kupokea watu nilifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba.

Nilimpokea mama pale mapokezi. Kwa kweli palipendeza. Vigae vya sakafu viling'aa kiasi kwamba mama, pamoja na maumivu yake yote, aliniuliza kama avue kandambili moja iliyokuwa imebaki mguuni. Daktari kijana alimhudumia upesi na kwa adabu. Walisafisha kidonda, wakanyoosha mfupa, wakamfunga hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia unyayo mpaka katikati ya paja, wakaacha kidirisha mbele ya muundi ili kidonda kiweze kuoshwa kila siku. Kwa ajili ya kidonda hicho akalazwa. Daktari akamwonya asiukanyagie mguu ule hata kidogo, akatuambia wodi ya wanawake iko ghorofa ya kwanza.

Lifti ilikuwepo. Mlango wake ni wa chuma kinachong'aa, unajiona uso wako ndani yake, na pembeni pana kitufe chenye mshale. Nikakibonyeza. Nikakibonyeza tena. Mlinzi aliyeketi karibu akasema kwa upole, "Hiyo bado, dada."

"Bado nini?"

"Bado haijaunganishwa. Wanamsubiri fundi wake."

"Na wagonjwa wanapandaje?"

"Wanapandishwa."

Akasimama, akakunja mikono ya shati, na hapo nikaelewa kwamba kupandisha wagonjwa ilikuwa imeongezwa kwenye kazi yake ya ulinzi. Yeye, mdogo wangu na mhudumu mmoja walimbeba mama kwenye machela. Penye kona ya ngazi machela haikukata, ikabidi waiinue juu ya vile vyuma vya kushikilia, mama akiwa hewani kama kabati la mtu anayehama nyumba. Alifumba macho. Mimi nilipanda nyuma yao nimebeba mto na chupa ya chai, najisemea kwamba jengo ni jipya, mambo madogo madogo hayakosekani.

Wodi ilikuwa na vitanda vipya vya kunyanyuka upande wa kichwa, na madirisha makubwa ya vioo. Darini, juu ya kila kitanda, palikuwa na reli nyeupe iliyopinda kukizunguka kitanda chote. Nilidhani ni ya kutundikia dripu. Muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke wa makamo ambaye watu wote walimwita Inchaji, akanisahihisha.

"Hizo ni za mapazia. Mgonjwa akihudumiwa unavuta, unamstiri."

"Na mapazia yako wapi?"

"Tumeahidiwa," alisema, kisha akaenda kumtazama mgonjwa mwingine kabla sijauliza aliyeahidi ni nani.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke wa Kisukuma, mdogo kwangu kwa umri, ambaye familia yake ilihamia Magindu na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Alikuwa ameanguka kwenye pikipiki, naye mguu wake ulikuwa kwenye hogo mpaka pajani. Alimwamkia mama shikamoo, akamwita mayu, kama wanavyowaita kwao akina mama, na kuanzia hapo wakawa kama watu waliojuana siku zote. Wagonjwa wasiojiweza waliruhusiwa ndugu mmoja wa kike wa kukaa nao mchana. Yeye hakuwa na ndugu wa kike karibu. Mumewe alikuja saa za kuona wagonjwa tu, akitoka kuwaacha ng'ombe kwa mdogo wake. Kwa hiyo nilivyomwangalia mama, nilimwangalia na yeye.

Asubuhi ya kwanza mama alinivuta mkono akaninong'oneza kwamba anataka kwenda haja. Hapo inabidi nieleze mama yangu ni mtu wa namna gani. Nyumbani kwake, akitaka kwenda chooni, husema anaenda kuwaangalia kuku. Sisi watoto wake tumekua wakubwa bila kumsikia akilitaja jambo hilo kwa jina lake. Kuninong'oneza mimi kulimgharimu.

Nikaomba kiti cha magurudumu, wahudumu wakanisaidia kumkalisha, mguu wenye hogo ukiwa umenyooshwa mbele juu ya ubao wake, nikamsukuma hadi mwisho wa korido. Mlango wa choo ulikuwa na picha ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Nikaona, hapa tumefika.

Mlango ule ulifunguka kwa ndani. Nikausukuma kwa mguu huku nikimwelekeza mama kwa mbele, na kiti kikakwama. Magurudumu yaligusa miimo pande zote mbili, kwa sababu mlango wenyewe, hata ukiufungua mpaka mwisho, unene wake unakula nafasi ya kupitia. Nikarudi nyuma, nikakinyoosha kiti, nikajaribu tena. Ngozi ya vidole vyangu ikachubuka kwenye mwimo. Nikamgeuza, nikajaribu kumwingiza kinyumenyume. Kikakwama vilevile. Nikachungulia ndani: choo cha kukaa, kisafi, chenye vyuma viwili vya kujishikilia ukutani, kila kitu kimewekwa kwa ajili ya mtu kama mama. Hata kama kiti kingepita, huo mguu ulionyooka ungeugonga mlango, na mlango usingefungika. Aliyechora choo kile alimfikiria mgonjwa akiwa ameshafika ndani. Jinsi ya kumfikisha hakuifikiria.

"Nirudishe kitandani," mama alisema.

"Ngoja nijaribu tena, mama."

"Nirudishe."

Ikabaki bedipani, kile chombo cha kujisaidia kitandani. Nikamuuliza Inchaji kama hawana kile kiti chenye tundu kinachosogezwa kando ya kitanda. Akasema kipo kwenye oda. Basi nikashika khanga upande mmoja, mwanamke wa Magindu akanyoosha mkono akashika upande wa pili kutoka kitandani kwake, tukafanya ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa upande mmoja. Upande wa pili walipita wahudumu, kikapita kitoroli cha chai, wakapita madaktari wanafunzi, vijana wa kiume wenye makoti meupe yaliyopigwa pasi, wakamwamkia mama shikamoo akiwa katika hali ile. Mama akaitikia marahaba akiangalia dari. Hakufanya kitu. Aliniambia haja imeondoka.

Siku zilizofuata niliona anazidi kuwa mkimya, nikadhani ni maumivu. Chakula aligusa tu. Chai nilimwekea kwenye kikombe, nikienda kufua au kununua kitu nikirudi nakuta kikombe kitupu, nafurahi. Midomo yake ilianza kukauka na kupasuka, nikampaka mafuta. Siku moja akaamka na homa, anasema dirisha linazunguka. Ndipo yule mwanamke wa Magindu aliponiita karibu.

"Dada, usinichukie," alisema. "Mayu hanywi kitu. Ile chai nakunywa mimi. Maji pia ananipa. Aliniambia nisiseme, lakini sasa naogopa."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama, sijui nimkasirikie nani. Daktari kijana alikuja, akamvuta ngozi ya mkono, akaagiza dripu na vipimo, na baadaye akasema ameanza kupata maambukizi ya njia ya mkojo kwa sababu ya kujizuia na kutokunywa maji.

"Bibi, huwezi kupona namna hii," alimwambia. "Lazima unywe maji mengi."

Mama akamtazama. "Nikinywa, baba, mtanipeleka wapi?"

Yule kijana aliandika kitu kwenye faili. Sikumwonea huruma siku ile. Nilijifunga khanga kiunoni juu ya gauni langu, nikashuka chini kumtafuta katibu wa hospitali, mwenye dhamana ya majengo.

Kwenda ofisini kwake unapita chumba cha kupumzikia ndugu wa wagonjwa. Kimeandikwa hivyo juu ya mlango, kwa Kiswahili safi. Ukuta wake ni wa kioo, na ndani yake pana makochi ya kijani ambayo bado yamevikwa nailoni, na televisheni ukutani. Mlango una kufuli. Sisi ndugu wa wagonjwa, tukitaka kupumzika, tulikaa kwenye ngazi, mpaka mlinzi atufukuze ili wapite na machela.

Katibu alinikaribisha vizuri. Alinijua kwa sura, maana watumishi wa mji huu tunakutana kwenye semina. Nikamweleza habari ya choo tangu mwanzo mpaka dripu. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Hilo la milango tumeliona, dada yangu. Linafanyiwa kazi."

Mimi husema maneno hayohayo kaunta kwangu, kwa hiyo najua uzito wake. "Linafanyiwa kazi na nani?"

"Tatizo ni kwamba jengo bado halijakabidhiwa rasmi. Bado ni la mkandarasi. Tukigusa kitu chochote kabla ya makabidhiano, atasema tumekiharibu wenyewe. Ndiyo maana hata mapazia hatujatundika."

"Basi mwambieni mkandarasi aurekebishe."

"Tumemwambia. Anasema amejenga kama mchoro ulivyo. Na ni kweli, nimeuangalia mchoro."

"Na aliyechora?"

"Alishalipwa, akaenda zake."

"Mrudisheni mama yangu jengo la zamani, basi. Vyoo vya kule vinapitika."

"Kule wameanza ukarabati," alisema. "Wamevunja vyoo."

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi.

Nilipanda ngazi nikiwa na hasira ya kutafuta mtu wa kumwambia. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, na mume wa yule jirani yetu alikuwa amefika, mtu mrefu mwenye buti za mpira zenye tope la Magindu, amesimama kando ya kitanda cha mkewe na fuko la maziwa ya mgando. Nikawaeleza wote watatu niliyoambiwa. Mama aligeukia ukutani. Yule mwanamume alitoka, akaenda mpaka mwisho wa korido, akakaa huko kidogo, akarudi.

"Ule mlango umeshikwa na skrubu," alisema. "Hauna cha ajabu. Ni wa nani hasa?"

"Hospitali wanasema ni wa mkandarasi. Mkandarasi ameshamaliza kazi yake."

"Kwa hiyo hauna mwenyewe."

"Kwa sasa, naona hauna."

Akateremka, akaazima bisibisi kwa kijana wa bodaboda pale getini. Aliporudi nilikwenda naye. Yeye alilegeza skrubu, mimi nikaushikilia mlango usituangukie. Ni mlango mzito ule, mbao imara, tena umepakwa vanishi vizuri, na nilipokuwa nimeukumbatia nilijiona wazi: mtumishi wa umma, mwenye kitambulisho cha kazi kwenye mkoba, anang'oa mlango wa umma mchana kweupe. Hata hivyo sikuuachia. Tuliuegemeza ukutani kwenye korido. Kisha akafunga kamba juu ya fremu, nikatundika kitenge changu kikubwa, kikashuka mpaka sakafuni.

Nilimleta mama. Kiti kilipita. Kilipita kwa shida, pakiwa na nafasi ya ukucha tu pande zote mbili, lakini kilipita, na mguu wake ulionyooka ukakaa ndani vizuri bila kugonga kitu. Nikamsaidia kuhamia chooni, akashika vile vyuma vya ukutani, nikatoka nikashusha kitenge. Nikasubiri. Nikasubiri sana, mpaka nikaogopa amezimia.

"Mama, umemaliza?"

"Hebu niache," alisema kutoka ndani, kwa sauti yake ya Maneromango ambayo sikuwa nimeisikia tangu alazwe. "Usinikimbize."

Aliporudi kitandani aliomba chai. Akanywa, akaomba nyingine. Mwanamke wa Magindu naye akapelekwa na mumewe akamngojea nje ya kitenge, na baada yake wengine wawili wa upande wa dirishani, ambao sikujua kabisa kwamba walikuwa na shida ileile. Walikuwa wakivumilia kimya, kila mmoja akidhani ni yeye tu.

Inchaji alirudi kutoka kikaoni jioni. Akasimama mbele ya mlango ulioegemezwa, akakitazama kitenge, akatutazama sisi.

"Nani kafanya hivi?"

Mimi nilikuwa nakunja shuka ambayo ilishakunjwa.

"Haya," akasema. "Mimi sijaona kitu. Ila msiuache hapo, utamwangukia mtu." Akamwita mhudumu, wakausogeza nyuma ya meza yake.

Kesho yake katibu alipanda mwenyewe, na safari hii akiwa na fundi wa mkandarasi. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki yake, nalikubali hilo.

"Dada, wewe ni mtumishi mwenzetu," aliniambia mbele ya wodi nzima. "Nilikueleza jana hali ilivyo. Huu ni uharibifu wa mali ya serikali."

"Jana uliniambia ni mali ya mkandarasi."

"Usinichezee maneno."

Mama akajiinua kidogo kwenye mto. "Baba, mlango wako uko nyuma ya meza ya sista. Haukuibwa. Hata skrubu zake nimezitunza." Akafunua pembe ya khanga yake iliyokuwa na fundo, na kweli skrubu zote zilikuwamo. Sikujua alizipata saa ngapi.

Katibu alizitazama zile skrubu. Fundi akasogea azichukue. Ndipo Inchaji, aliyekuwa akiandika faili muda wote bila kuinua kichwa, akasema, "Mkiurudisha, leteni na wahudumu wa kubeba wagonjwa. Mimi zamu yangu ina wauguzi wawili tu. Bibi huyu alikaribia kufa kwa kiu ndani ya wodi yangu, na mimi ndiye nitakayeulizwa, si fundi."

Walisemezana na katibu kando kwa sauti ya chini. Mwisho katibu akasema atalifikisha ngazi ya juu, akashuka na fundi wake. Mlango ukabaki nyuma ya meza. Hiyo haikumzuia kulifikisha na ofisini kwangu. Mkuu wangu wa kitengo alinipigia simu.

"Nasikia siku hizi unang'oa milango," alisema.

Nikaanza kujieleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na lifti je, inafanya kazi? Maana mke wangu anakaribia kujifungua." Nikamwambia ukweli. Habari ya mlango haikuzungumzwa tena.

Kisha ukaja uzinduzi. Tuliujua kabla ya kutangazwa, kwa sababu ghafla mafundi walijaa. Waliosha vioo, wakapanda maua kwenye vyungu, wakafungua kile chumba cha ndugu wa wagonjwa na kuyavua makochi nailoni. Mapazia yalikuja pia, ya buluu, yakatundikwa kwenye vitanda vilivyo karibu na mlango wa wodi, ambako wageni wangesimama. Kwetu sisi wa ndani hayakufika. Na asubuhi ya siku yenyewe fundi alikuja na skrubu mpya, akaurudisha mlango wa choo mahali pake, akakikunja kitenge changu akanipa mkononi kwa heshima.

Tuliombwa tusitembeze wagonjwa mpaka wageni waondoke. Wageni walichelewa. Mama alibana, mwanamke wa Magindu akabana, wodi nzima ilibana tukisikia ngoma chini uwanjani.

Walipopanda hatimaye, walikuwa kundi kubwa lenye kamera. Mgeni rasmi alikuwa mtu mcheshi. Alipita mapazia ya buluu, akaja mpaka kwetu, akainama kwa mama.

"Shikamoo, bibi. Huduma mnazionaje?"

Nilimfinya mama chini ya shuka. Hakunijali.

"Marahaba, baba. Huduma nzuri. Madaktari wazuri, wauguzi wazuri sana. Ila choo mmekifunga kwa ajili ya sherehe. Mkimaliza mtufungulie."

Watu wakacheka. Mgeni rasmi akacheka kuliko wote, akamshika mama mkono, wakapigwa picha. Nadhani alichukulia ni utani wa wazee. Katibu peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kana kwamba nimemfundisha mama maneno yale. Baada ya hapo wakateremka kwenda kula.

Inchaji hakusubiri magari yaondoke. Alimwita mhudumu mwenye bisibisi, mlango ukatoka, nami nikakitundika kitenge. Kesho yake makochi yalirudishiwa nailoni na kufuli likarudi.

Nilipokutana na katibu kwenye korido siku chache baadaye nilimpongeza kwa makabidhiano ya jengo, yaliyofanyika siku ileile ya uzinduzi. Nikamwambia kwa kuwa jengo sasa ni lao, bila shaka watapanua ile milango.

"Hapo ndipo penyewe," alisema, na nilimwona amechoka. "Sasa ni letu, kwa hiyo inabidi tusubiri bajeti. Ya mwaka huu imeshapita."

Mama aliruhusiwa kidonda kilipokauka. Mlinzi na mdogo wangu walimteremsha kwa ngazi zilezile. Nilikiacha kitenge pale mlangoni, maana mwanamke wa Magindu alikuwa bado yupo, na Inchaji aliniomba. Mama alikaa kwangu Kibaha kwa muda, akarudi Maneromango, na ulipofika wakati wa kukatwa hogo nilimfuata, akalala kwangu, asubuhi tukarudi hospitali. Kliniki iko chini, kwa bahati. Lile hogo lilipotoka mguu ulikuwa mwembamba na mweupe kama umepakwa unga, lakini mfupa ulikuwa umeunga vizuri, na daktari akamwambia aanze kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo.

Wakati anavalishwa kiatu nilipanda juu kumpelekea Inchaji korosho kutoka shambani kwetu. Mlango wa choo ulikuwa umerudishwa. Safari hii ulifunguka kwa nje.

"Walikuja wataalamu," Inchaji alisema, akipokea korosho. "Wakasema kosa lilikuwa upande wa kufungukia. Wameugeuza."

"Na viti vinapita?"

"Vinapita nusu." Alisukuma faili kando. "Halafu sasa ukifunguka unamgonga anayepita koridoni. Juzi umemwaga dawa zangu zote kwenye kitoroli. Ngoja wakimaliza kuja kuukagua, nitautoa."

Nikamwuliza habari za kitenge changu. Akasema wamekifua na kukihifadhi.

Nilishuka, nikamkuta mama amesimama kwa magongo yake karibu na geti, anapumua kwa nguvu lakini amefurahi. Nilimnunulia chupa ya maji kwa muuzaji wa pale nje, nikamfungulia, nikampa. Aliishika tu. Nikamwambia anywe, jua ni kali na safari ya Maneromango ni ndefu. Akasema atakunywa tukifika Mlandizi kwa binamu yake. Ndipo nilipomuuliza kama alikunywa chai asubuhi kwangu kabla hatujatoka, na akakiri kwamba aliimwaga, chai na uji, alipojua tunakuja hospitali.

Sikumgombeza. Nilimfungulia mlango wa gari nililokodi, nikasogeza kiti nyuma ili aweze kuunyoosha mguu, tukaenda. Mlandizi alishuka haraka kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa magongo, akamwambia binamu yake kwamba anaenda kuwaangalia kuku, ingawa binamu yake hafugi. Aliporudi alikunywa ile chupa yote, akaomba nyingine.